Piga Tena, Mwenzangu

Hadithi iko mlangoni!

“Ifungulie, iingie!”

Ikiingia itakaa wapi?

“Ikae masikioni!”

Na kusema, zamu ya nani?

“Yako!”

Sijasikia. Mvua inapiga bati na nyinyi mnajibu kama mnaumwa meno. Zamu ya nani?

“Yako!”

Hapo sasa. Nikiuliza hivyo, popote tulipofika, nijibuni upesi bila kuwazawaza. Atakayechelewa namtoa barazani akalowe. Na wewe Mwanasiti, acha kuukodolea macho huo muhogo. Kimebaki kipande kimoja na hapa tuko sita, tutaona cha kufanya nacho tukimaliza. Kaa vizuri. Hii ninayowaambia leo, siku niliposimuliwa na shangazi yangu nilishika mdomo, na mpaka leo nikiikumbuka nashika mdomo.

Palikuwa na msitu. Katika msitu huo alikaa Chui, Chui mzee, kucha zimemwisha zote, basi akawa anawinda kwa rungu. Usicheke, Kombo. Lingekushukia wewe hilo rungu usingecheka. Leo, pu! Paa hayupo. Kesho, pu! Digidigi hayupo. Keshokutwa, pu! shemeji wa Nungunungu hayupo, na miiba yake yote.

Wanyama wakaona watakwisha. Wakaenda kwa Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwili wake wote unaingia kwenye kikapu cha sokoni, lakini asubuhi anapigana na swila, na adhuhuri yuko kwake anakula. Wakamwambia, “Mwalimu, tufundishe kujihami.”

Nguchiro akasema, “Nitawafundisha. Lakini darasani kwangu kuna adabu. Asiye na adabu arudi kwao akangoje rungu.”

Wakaanza. Kila asubuhi wanasimama wawili wawili. Mmoja ana fimbo, mwenzake mikono mitupu. Mwenye fimbo anabana miguu, anauliza, “Tayari, mwenzangu?” Mwenzake anajibu, “Tayari!” Fimbo inashuka kutoka juu, fyuu! Mwenzake anahepa, anadaka, anapokonya, nyaka! Halafu sasa adabu. Aliyepokonya anainamisha kichwa, anairudisha fimbo kwa mikono miwili, anasema, “Piga tena, mwenzangu.” Mwenye fimbo anapokea, anasema, “Shukrani.” Wanaanza upya. Tayari, mwenzangu? Tayari! Fyuu! Nyaka! Piga tena, mwenzangu. Shukrani. Tayari, mwenzangu? Tayari! Fyuu! Nyaka! Piga tena, mwenzangu. Shukrani. Mara mia kabla ya chai, kisha wanabadilishana, mara mia nyingine. Mwaka mzima, jua na mvua.

Mwalimu aliwapanga kwa kufika. Wa kwanza kufika anasimama na wa pili. Kila siku wa kwanza alikuwa Bi Kindi, kwa sababu ana bidii. Kila siku wa pili alikuwa Bwana Nyani, kwa sababu alipenda kupita majumbani kwa watu wakiwa bado wamelala, aone kama wamebakiza chochote chunguni. Basi hao wawili wakawa wenza. Nyani mabega haya, mkono mmoja tu ni mzito kuliko Kindi mzima. Lakini darasani Mwalimu haangalii mabega, anaangalia miguu imekaa wapi na mkono umedaka vipi.

Siku ya mtihani, Bi Kindi akapata tisini na tisa. Bwana Nyani akapata tisini na tisa. Ile moja Mwalimu hampi mtu. Chui, aliyekuwa akitazama masomo kutoka ng’ambo ya kijito, alipoona wanyama wamehitimu akaingiwa na wasiwasi, akakaa hukohuko akitazama tu. Watu wakalala usingizi.

Zamu ya nani?

“Yako!”

Sasa huyu Nyani. Alikaa kwenye mkuyu mmoja na Bi Kindi, na mkuyu huo ulizaa usiseme. Mwezi wa kwanza baada ya mtihani, Nyani akasema, “Matawi ya chini ni yangu.” Nani abishe? Tisini na tisa ile, na mabega yale. Mwezi wa pili akasema, “Matawi ya kati ni yangu.” Wakanyamaza. Mwezi wa tatu akasema, “Matawi ya juu ni yangu.” Ndege wakahama. Akala makuyu, akala, tumbo likawa ngoma, na bado mengine yakabaki, na hayo yaliyobaki yakamkosesha raha. Angeyaweka wapi yasiliwe na mtu?

Akamwendea Bi Kindi kwenye shimo lake la shinani. “Bi Kindi, hilo shimo nalitaka. Ni kavu. Nitaweka akiba yangu.”

Bi Kindi alikuwa amezaa. Watoto watatu, wana siku tano, hawana hata unyoya, macho hawajafumbua. Akasema, “Bwana Nyani, ndani mna watoto. Nikiwatoa nje hivi walivyo hawafikishi asubuhi.”

Mnajua Nyani alisema nini? Jamani, shikeni midomo. Alisema, “Mimi nimeomba shimo. Sikuuliza habari za watoto.”

Loo! Hata Kobe aliyekuwa anapita, ambaye huwa hashituki, alirudisha kichwa ndani.

Kwa desturi ya msitu ule, ugomvi wa makazi humalizwa kwenye duara. Duara linachorwa chini, fimbo moja inachomekwa katikati. Atakayetoka nje na fimbo mkononi ndiye mwenye haki. Aliyeshindwa anahama kabla jua halijatua, yeye na walio wake, hakuna kuomba radhi. Wakapewa siku saba.

Msitu mzima ukawa na neno moja tu mdomoni. Wamefundishwa na mwalimu mmoja, wamesimama pamoja mwaka mzima, wamepata alama zilezile, sasa nani atashinda, na atashinda kwa nini?

“Uzito,” akasema Kobe. “Mafunzo yakilingana, inabaki mizani.”

“Hasira,” akasema Kanga. “Mama mwenye watoto usimguse.”

“Miguu,” akasema Swala.

“Aliyekula asubuhi,” akasema Nungunungu, na akasema kwa uhakika kabisa.

Wakamfuata Mwalimu Nguchiro. Mwalimu akakuna shingo. “Nimewapa chote nilicho nacho, nusu kwa nusu. Kila pigo analolijua huyu, na yule analijua. Mimi sijui atakayeshinda. Mkitaka ukweli, hata usingizi sipati.”

Bi Kindi naye hakupata. Alijilaza juu ya wanawe akihesabu. Akipiga hivi, Nyani atahepa hivi. Akihepa hivi, Nyani atadaka hivi. Kila alikopita akamkuta Nyani amekwisha fika, maana mafunzo ni yaleyale. Tena mwenzake ana mabega. Akalia kimyakimya, wanawe wasisikie.

Siku ya pili, mchana, akatoka kutafuta chakula. Aliporudi, akamkuta Panya anatoka shimoni na njugu yake kubwa mdomoni. Mwizi! Bi Kindi akaruka. Panya kuona hivyo, akaishika njugu kwa mikono, akaiinua juu ajikinge nayo. Bi Kindi akahepa, akadaka, nyaka! Njugu akaipata. Akainamisha kichwa. Akaishika njugu kwa mikono miwili. Akampa Panya.

“Piga tena, mwenzangu,” akasema.

Panya akatazama kulia. Akatazama kushoto. “Shukrani, Mama,” akasema, akaenda zake na njugu.

Bi Kindi akabaki amesimama. Akaitazama mikono yake kama si yake. Mama wee! Nimefanya nini mimi? Nimempokonya mwizi, halafu nimempa! Nimemwinamia kichwa! Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyeniambia! Akakaa chini palepale.

Halafu akainua kichwa polepole. Akasema, “Nyani je?”

Zamu ya nani?

“Yako!”

Aaa, mmeamka. Jioni hiyohiyo Bi Kindi akapanda tawi lililo juu ya kwa Nyani, akajibana kwenye majani. Chini, Bi Nyani, mkewe, alikuwa anakoroga uji, na amefura. Mume ana matawi ya chini, ya kati na ya juu, na watoto wake nyumbani wanakunywa uji mtupu.

Nyani akaingia, mdomo umejaa. Bi Nyani akasema, “Baba Fulani, una haya wewe?”

“Mke wangu, akiba hailiwi.”

Bi Nyani akainua mwiko. Fyuu! kutoka juu. Nyani akahepa, akadaka, nyaka! Mwiko uko mkononi mwake. Sasa angeweza kuutupa. Angeweza kuukalia. Nyani akainamisha kichwa. Akauinua mwiko kwa mikono miwili. “Piga tena, mwenzangu.”

Bi Nyani hakusoma kwa Nguchiro. Hakusema shukrani. Aliupokea mwiko, akampiga nao utosini, ko!

Bi Kindi nusura aanguke kutoka mtini. Alijiziba mdomo kwa mkia.

Na Nyani? Alijishika utosi, akalalamika, “Mwiko wenyewe una uji, umeniteleza.” Hakujua! Wallahi hakujua alichokifanya! Mikono yake ilifanya na yeye hakuwepo.

Basi Bi Kindi akarudi kwake na kitu ambacho hakikuwemo kwenye zile tisini na tisa. Lakini alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, ugonjwa huo hata yeye anao. Akiipokonya fimbo duarani na kuirudisha, wanawe wamekwisha. Ya pili, Nyani hurudisha akiwa hana habari. Akiwa amekasirika, anapigana ovyo, huenda asirudishe.

Hofu ya kwanza akaipeleka kwa Panya. “Panya, kuanzia kesho njoo uniibie.”

“Mama, unanitega.”

“Njoo uniibie, nikikurudishia ni yako.”

Panya akaja. Siku ya tatu, nyaka! Piga tena, mwenzangu. Panya akaenda na njugu. Siku ya nne, nyaka! Piga tena, mwenzangu. Njugu imekwenda. Siku ya tano Bi Kindi akaipokonya, akauma meno, akatetemeka mwili mzima, jasho likamtoka, kichwa kikainama chenyewe, na njugu ikaenda. Siku ya sita, nyaka! Kichwa kikaanza kuinama. Kikainama kidogo. Kikasimama. Bi Kindi akageuka, mbio, mpaka juu ya mti na njugu yake kifuani.

“Ah, sasa shule imefungwa,” akasema Panya kwa huzuni.

Hofu ya pili haikuwa na dawa. Hiyo ilibidi aende nayo duarani.

Siku ya saba. Zamu ya nani?

“Yako!”

Msitu mzima ulikuja. Fimbo ikachomekwa katikati. Mwalimu Nguchiro akasimama pembeni, uso umemsawajika, maana wote wawili ni wake. Nyani akaingia anajipiga kifua. Bi Kindi akaingia kimya, maziwa yanamvuja, kwa sababu ulikuwa ni wakati wa kunyonyesha.

Mwalimu akasema, “Anzeni!”

Wote wawili, fyatu! Bi Kindi mwepesi, akawahi fimbo. Nyani akamzuia njia, nyaka! Akaipata. Bi Kindi akampita chini ya kwapa, nyaka! Akaipata yeye. Nyani nyaka! Kindi nyaka! Nyani akipiga, Kindi ameshahepa. Kindi akipiga, Nyani ameshahepa. Pa! Pa! Kwa! Kwa! Vumbi likapanda mpaka kwenye matawi. Kila mmoja alijua kitakachokuja kabla hakijaja. Watu wakaona kitu ambacho hawajawahi kukiona, mapigano ambayo hakuna aliyeguswa.

“Uzito!” akapiga kelele Kobe.

“Hasira!” akapiga kelele Kanga.

Jua likapanda. Sasa lile la mabega likaanza kuonekana. Nyani anahema, lakini amesimama. Bi Kindi kasi imemwisha. Mara tatu Nyani alibakiza hatua mbili kuvuka mstari, mara tatu Bi Kindi akaiwahi fimbo kwa ncha ya kucha. Na kutoka kwenye mkuyu, kwa mbali, vikasikika vilio vitatu vyembamba. Watoto wana njaa.

Bi Kindi alikuwa na fimbo mkononi wakati huo. Akarudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo wake ukakaribia mstari ule upande wa pili. Hapana, hangeweza kugeuka avuke, Nyani alikuwa karibu mno, angemdaka mgongoni. Akajua hana nguvu ya kupigana tena hata kidogo.

Akabana miguu. Akanyoosha mgongo. Akainua fimbo juu ya kichwa, taratibu, namna ya darasani.

“Tayari, mwenzangu?” akasema.

Na Nyani, katikati ya hasira zake zote, akasema, “Tayari!”

Fimbo ikashuka. Fyuu! Wala haikuwa na nguvu, ni pigo la asubuhi, kabla ya chai. Mtoto angeidaka. Nyani akahepa, akadaka, nyaka!

Yallah! Msitu mzima ukapiga ukelele. Amempa! Bi Kindi amempa fimbo! Swala akafumba macho. Kanga akaanza kulia. Nyani ana fimbo mkononi, mstari uko hatua mbili mbele yake, na aliye katikati ni Kindi aliyechoka, mikono mitupu. Bi Kindi akasimama palepale. Hakuhepa, hakukimbia. Alisimama anamtazama, na masikio yake yako mkuyuni.

Nyani akavuta pumzi. Akainamisha kichwa.

Akaishika fimbo kwa mikono miwili. Akainyoosha mbele.

“Piga tena, mwenzangu,” akasema.

“Shukrani,” akasema Bi Kindi.

Akapokea. Akageuka. Akapiga hatua moja. Akapiga hatua mbili. Akavuka mstari.

Kimya! Wanangu, kimya hicho mngesikia kuyu likidondoka. Hakuna aliyeshangilia. Nungunungu miiba yote ilisimama na haikulala mpaka jioni. Na katikati ya duara Nyani bado ameinama, miguu ameipanga vizuri, anangoja apigwe. Akangoja. Akangoja. Akaona pigo linachelewa, akainua jicho moja.

“Fimbo iko wapi?”

Akapapasa mavumbini.

“Fimbo niliishika! Mliniona, niliishika!”

“Tulikuona,” akasema Kobe kwa sauti ndogo.

“Sasa nani kaichukua?”

“Ulimpa.”

“Mimi? Mimi nimpe? Nina wazimu?” Nyani akageuka kumtafuta mkewe. “Mke wangu, wewe sema. Nilimpa mimi?”

Bi Nyani akasema, “Kama ulivyonipa mwiko.”

Nyani akaitazama mikono yake, huu, halafu huu. Akakaa chini kwa kishindo, pwata! Kabla jua halijatua alikuwa amehama, na makuyu yake yote akayaacha kwenye matawi yake yote. Bi Nyani na watoto hawakuhama. Walisema wao hawakuingia duarani, na kwa mara ya kwanza wakala wakashiba. Desturi ilisema yeye na walio wake, lakini nani alikuwa na nguvu ya kubishana na mwiko ule?

Mnadhani imekwisha? Haijaisha. Bado kubwa zaidi.

Mwalimu Nguchiro alikuwa hajasogea pale aliposimama. Uso umegeuka rangi ya majivu. Akaokota kijiti. Akamwendea Kobe, akabana miguu. “Tayari, mwenzangu?”

“Tayari!” akasema Kobe.

Fyuu! Nyaka! Kobe akainamisha kichwa. “Piga tena, mwenzangu.”

Akamwendea Swala. “Tayari, mwenzangu?” Tayari! Fyuu! Nyaka! “Piga tena, mwenzangu.” Akamwendea Kanga. Piga tena, mwenzangu. Akamwendea Nungunungu. Piga tena, mwenzangu. Akaenda msitu mzima, mmoja mmoja, na kila mmoja akamrudishia kijiti kwa mikono miwili, kisogo kiko wazi.

Mwalimu akaketi mavumbini. “Chui,” akasema.

Ndipo wakaelewa. Salaale! Walishikana mikono kwa hofu, wakubwa kwa wadogo. Mwaka mzima, jua na mvua, mara mia kabla ya chai na mara mia baada ya kubadilishana, walikuwa wanajifunza nini? Walikuwa wanajifunza kumpokonya Chui rungu lake, kumrudishia, kumwinamia, na kumwambia apige tena. Usiku ule hakuna aliyelala, na mkija kuniuliza nani alilia zaidi, ni Mwalimu.

Kesho yake darasa likaanza upya. Mwalimu mpya alikuwa Bi Kindi, na msaidizi wake alikuwa Panya, aliyeajiriwa kwa njugu moja kwa siku. Somo lilikuwa fupi. Ukipokonya, kimbia nayo. Basi. Na shimoni kwa Bi Kindi, fimbo ikalazwa mlangoni kama komeo. Siku chache baadaye watoto wakafumbua macho, na kitu cha kwanza walichokiona duniani ni fimbo hiyo, na mama yao anasema, “Hiyo hairudishwi.”

Chui naye alikuja, alikuja mwezi ule ule na rungu lake. Kanga ndiye aliyemkuta. Fyuu! Nyaka! Chui akangoja, kwa sababu na yeye alikuwa ametazama masomo mwaka mzima kutoka ng’ambo ya kijito, na mwishowe ameng’amua kinachofuata. Akanyoosha mkono apokee, ameshaandaa na “Shukrani” yake mdomoni. Mpaka leo amenyoosha. Kanga yuko wapi? Kanga yuko mbio.

Sasa fundisho. Tulieni, fundisho ndilo muhimu. Mmeona wenyewe, watu wawili wakifundishwa sawasawa, anayeshinda ni yule aliyeshika mafunzo barabara, akayarudia mpaka yakaingia mwilini, akawa anatenda bila kufikiri. Kwa hiyo wajukuu zangu, mkiambiwa jambo na mkubwa, lifanyeni upesi upesi, msiulize, msiwazewaze. Akili ziacheni zipumzike.

Kombo, unakunja uso wa nini? Hilo ndilo fundisho, mimi ndiye niliyelisimulia. Mmelisikia wote?

“Tumelisikia!”

Haya. Kusimulia ilikuwa zamu ya nani?

“Yako!”

Na kufunga hadithi, zamu ya nani?

“Yako!”

Na hiki kipande cha mwisho cha muhogo, zamu ya nani?

“Yako!”

Shukrani.

Mwanasiti, funga mdomo, nzi wataingia. Umesema mwenyewe, na wenzako wote wamesema, na majirani wamesikia. Mmm. Umeiva huu. Hadithi imeshuka barazani, inaondoka na mvua. Aliyeshiba na alale, na asiyeshiba, kesho afikiri kabla ya kuitikia.